Barfi za Bwana Odhavji

Kila siku ya mfungo, Wahindu wa mtaani walipojizuia kula nafaka, Bwana Odhavji mwenye kiwanda cha sabuni alipeleka hekaluni sinia la barfi, vile vitamutamu vya maziwa na sukari ambavyo havivunji mfungo.

"Zote nampa Krishna!" alitangaza.

Sinia liliwekwa mbele ya sanamu ya mungu huyo, pazia likavutwa ili Krishna ale kwa faragha, na watu wakafumba macho wakaimba. Desturi ilikuwa kugawana baadaye. Lakini Odhavji alizibeba zote kwake, akawaacha wenzake wakimeza mate.

Siku moja Maniben, mjane aliyevuta pazia, alimwambia, "Tajiri, leo fumba macho sawasawa. Krishna ana haya."

Odhavji akafumba. Wimbo ukaanza vizuri, halafu maneno yakapotea, ukabaki mvumo tu.

"Mbona hamtamki?" aliuliza, bado kafumba macho.

"Mmmm," wakamjibu.

Pazia lilipofunguliwa, sinia lilikuwa tupu.

"Nani kala barfi zangu?"

"Zako?" Maniben alishangaa. "Si ulimpa Krishna?"

"Krishna gani? Hajawahi kula hata moja!"

Hekalu zima likamgeukia.

"Yaani... hajawahi kumaliza," alijitetea. "Leo alikuwa na njaa." Akamkimbilia kuhani. "Panditji, niambie ukweli. Ni Krishna aliyekula?"

Kuhani, shavu limemvimba, alitikisa kichwa kukubali, kwa heshima.

"Mmmm," alisema, na kipande cha barfi kikamdondokea kwenye ndevu.