Zimwi Lililoteleza Ukingoni

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Chungu cha mawese, na kilichomo kinatuangalia.

Hapo kale alikuwepo Bi Ntihabose, mkamuaji wa mawese. Mafuta mekundu aliyaweka chunguni; maji machafu yenye mabaki ya mafuta aliyamwaga mtoni.

"Shoga, mtoni tena?" jirani aliuliza.

"Mama alimwaga mtoni, nami namwaga mtoni."

Akaulizwa mara ya pili, mara ya tatu. Jibu ni lile lile.

Basi, siku moja alikwenda kuteka maji na binti yake, Butoyi. Mto ukafunguka, likatoka zimwi lenye midomo mitatu, jekundu utosi hadi kucha. Likakanyaga ukingo: puu, chini. Likainuka: puu. Likainuka tena: puu.

Butoyi akacheka. Hakumaliza kucheka. Mdomo mmoja uling'ata kanga yake; miwili ikasema, "Nani ananimwagia mafuta?"

Ndoo ikamponyoka Bi Ntihabose.

"Samaki wangu wamekufa. Mimi mwenyewe siku tatu sijasimama. Nitakatishe kabla jua halijatua, la sivyo namla huyu."

Akalisugua kwa maji. Likateleza. Akalisugua kwa mchanga. Likateleza. Akakimbia nyumbani, akarudi na chungu cha mawese, majivu na beseni.

Zimwi likatumbua macho. "Mama wee, unaniongezea mafuta?"

"Tulia, babu."

Akachuja maji ya majivu ya maganda ya ndizi, akayachemsha na mawese, akakoroga mpaka ikawa sabuni nyeusi. Akasugua, povu likapanda. Zimwi likasimama. Likasimama kweli, Butoyi akining'inia mdomoni.

"Kumbe yaliyoniangusha ndiyo yamenisimamisha," likasema, limeduwaa.

Kwa furaha Bi Ntihabose akanyanyua beseni la maji machafu, akageukia mtoni.

Midomo miwili ikabaki wazi. Wa tatu ukaikaza kanga.

"Mama," Butoyi akasema taratibu, "mikono yako inakwenda wapi?"

Mama akaitazama mikono ile kama ya mtu mwingine. Akarudi nyuma, akarudi, akarudi, mpaka mbali na mto, akachimba shimo, akamwaga humo. Ndipo mdomo wa tatu ulipofunguka, Butoyi akadondoka, kanga ina matundu ya meno.

Tangu hapo, kijiji kile huchimba shimo kwanza, ndipo hukamua.

Hadithi yangu imeishia hapo ukingoni, sisogei tena nisije nikateleza. Nanyi shikeni hili: mafuta ya mimea hutulisha na kutusafisha, lakini yakitupwa mtoni huua. Kabla hujamwaga, tazama unakomwaga.