Mbwa Aliyeambiwa Akae

Kabla hujampelekea mwenzako hadithi hii, keti kwanza uisome. Utaielewa vizuri ukiwa umeketi.

Mzee Sudi alikuwa mlinzi wa ufuo wa hoteli moja ya kitalii. Kazi yake ilikuwa kusimama mchangani kuanzia asubuhi hadi jioni na kuhakikisha mbwa hawaingii. Alikuwa amesimama hivyo kwa miaka kumi na tisa. Magoti yalikuwa yamechoka, mgongo umechoka, na hata hamu ya kulalamika ilikuwa imemwisha.

Siku moja akaja mgeni, Mwalimu Kerubo, mstaafu kutoka Kisii, akiwa na mbwa mzee aitwaye Bosco. Wote wawili walikuwa hoi kwa safari ya siku mbili.

"Mama, mbwa haruhusiwi," alisema Mzee Sudi. "Akionekana humu, nitakayefukuzwa ni mimi."

"Najua, baba. Lakini marehemu mume wangu alikuwa akimwahidi huyu bahari kila tukila samaki. Sasa nani atamleta kama si mimi?"

Mzee Sudi hakuwa na nguvu za kubishana. Akateremka karibu na maji, akachora mstari mchangani kwa rungu lake.

"Akikaa ng'ambo ya huu, hayumo hotelini. Na mimi sijamwona."

Mwalimu akampeleka Bosco ng'ambo ya mstari, akamwambia, "Kaa." Kisha akajinyoosha kwenye kiti cha kulalia cha hoteli, na usingizi ukamchukua papo hapo.

Mzee Sudi, mzaliwa wa pwani, alikuwa amesahau jambo ambalo hata watoto wa pale hawalisahau: maji yalikuwa yametoka, na yakitoka hurudi. Uchovu humfanyia mtu hivyo.

Alipogeuka baadaye, mstari ulikuwa umefutika na Bosco amebaki kichwa tu. Hakubweka wala hakuondoka. Alikuwa akimtazama Mwalimu aliyelala.

Mzee alikuwa ameshatia udhu wa sala ya alasiri, na kwake mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba. Akaingia baharini na viatu vyake, akambeba Bosco kifuani, akapanda naye hadi ndani ya eneo la hoteli, penye viti vya mchangani. Njia nzima mbwa alikuwa akimlamba uso.

Hapo akatokea meneja, Bi. Rukia.

"Mzee Sudi, nani kamwingiza mbwa?"

"Mimi. Alikuwa anazama."

"Kwa nini hakutoka majini mwenyewe?"

"Aliambiwa akae, na hakuna aliyerudi kumwambia ainuke."

Meneja akaitazama miguu ya mzee ikitetemeka.

"Na wewe, nani alikuambia usimame kutwa?"

"Meneja wa kwanza, siku niliyoajiriwa."

"Yule aliondoka miaka kumi na mitano iliyopita, mzee wangu."

"Ndiyo. Lakini hakuniambia niketi."

"Mimi nilidhani unapenda kusimama," alisema Bi. Rukia, na aibu ikamshika. Akaenda mwenyewe, akarudi na taulo moja na kiti kimoja.

Mwalimu Kerubo alipoamka, alimkuta Bosco amelala mchangani, amefunikwa taulo. Kando yake Mzee Sudi alikuwa ameketi, uso bado hajauosha, akilia taratibu kwa sababu magoti yalikuwa yameacha kuuma.

Funzo: Anayetii kimya kimya ndiye husahaulika kwanza. Ukimwambia mtu asubiri, rudi ukamtazame. Huenda maji yameshamfika shingoni.