Bakuli la Kumi na Saba

"Bakuli hushibisha, haliiti jina." Maneno hayo yalisemwa asubuhi kwenye kikao cha ukoo, na vijana waliokuwa wakiosha tangawizi mtoni wakamuuliza Bibi Nambike yametoka wapi. Bibi akakalia gunia tupu, akawaambia waendelee kuosha, maana masikio hayahitaji mikono. Chanzo cha methali hii, akasema, ni hiki.

Palikuwa na mwanamke wa huku milimani aitwaye Nakijwa, mjane asiye na mtoto. Kaka yake alifariki miezi michache baada ya mkewe, wakamwacha binti wa miaka minne, Namkunda. Siku ya kuondoa matanga ukoo ulikaa, kama ilivyo ada, kuamua nani atamlea. Nakijwa alikuwa amekwisha kumpakata mtoto. Lakini neno la mwisho lilikuwa la mkuu wa ukoo, Mzee Kirumbe, baba mkubwa wa Nakijwa, naye alikuwa amekiona kituo cha kulelea yatima kule tambarare: sakafu ya vigae, maziwa kila asubuhi, shule ndani ya uzio. Akauliza ni nyumba gani hapa mlimani ingempa mtoto hayo yote.

Basi ukoo ukakubali mtoto apelekwe huko. Walidhani wanamtendea mema, na huo ndio uchungu wa jambo lenyewe, kwa kuwa hakuna aliyemchukia mtoto yule. Nakijwa alikifikiria kibanda chake chenye kitanda kimoja, akaona haya, akanyamaza. Umaskini humziba mtu mdomo hata pale anapopaswa kupiga kelele.

Akaambiwa asiende kumwona mapema, eti atamliza. Ulipita mwaka na nusu ndipo akashuka.

Alifika saa ya chakula. Watoto walikuwa kwenye foleni, kila mmoja ameshika bakuli la bati lililoandikwa namba. Namkunda alikuwa amenenepa, ana gauni safi na viatu. Nakijwa akamshukuru Mungu kimoyomoyo, akamwita kwa jina. Mtoto hakugeuka. Akaita tena. Mlezi wa kituo, Bi Tabitha, akamsaidia: "Kumi na saba, una mgeni." Hapo mtoto akageuka mara moja, akaja, akainamisha kichwa.

"Shikamoo mgeni," akasema. "Umekuja kutupiga picha?"

Nakijwa akaketi chini pale pale. Alilia, na sioni sababu ya kulificha hilo. Bi Tabitha hakujitetea. Akamweleza kwamba wako walezi wawili kwa watoto arobaini, na siku nzima huishia kwenye kupika, kufua na kuogesha.

"Mabakuli nayajaza, dada," akasema. "Lakini kabla sijamaliza kumfunga huyu vifungo, watatu wanalia. Jina lake nitamwita saa ngapi?"

Nakijwa alipanda mlima siku ile ile, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Kirumbe. Katika ukoo ule haikuwa kawaida mtu kufungua shauri ambalo mzee amelifunga, sembuse mwanamke. Alijua anaweza kutengwa. Akapiga magoti, akaeleza aliyoyaona.

"Utamlisha nini?" mzee akauliza.

"Tunachokula sisi, baba mkubwa."

"Kule anakula mara tatu."

"Anakula, nimeona kwa macho yangu. Bakuli linamshibisha, lakini haliiti jina. Mwana wetu amesahau anaitwa nani, na sisi tungali hai."

Mzee akavua kofia yake. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama ni kweli mtoto hakugeuka. Alipojibiwa kuwa ni kweli, alifunika uso kwa kofia yake. Kesho yake akaenda mwenyewe kwa afisa wa ustawi wa jamii kuweka alama ya kidole kwenye karatasi kwamba ukoo unamchukua mtoto wake, na jirani mmoja mwenye ng'ombe akaahidi maziwa.

Msidhani furaha ilikuja siku hiyo hiyo. Hayo ni mambo ya redioni. Kwa wiki nyingi Namkunda alisimama mlangoni kwa shangazi yake na sahani mkononi, akisubiri namba yake itajwe. Nakijwa alimwita kwa jina jikoni, shambani, kisimani, hata asipokuwa na haja naye, mpaka majirani wakamtania kwamba amekuwa jogoo. Siku moja wakipalilia, mtoto akaitika, "Abee, shangazi." Nakijwa aliacha jembe. Namkunda akamtazama kwa wasiwasi.

"Kesho nisiposikia, utaniita tena?"

"Nitakuita mpaka uitike."

Tangu hapo ukoo ukikaa kwa ajili ya yatima hauanzi kwa kuuliza nani ana chakula. Huuliza kwanza nani atamwita, maana bakuli hushibisha, haliiti jina.