Jina Moja la Daraja

Sogeeni karibu, wadogo kwa wakubwa. Mwenye jibu la haraka alimeze kwanza, kwa sababu waliokuwepo siku hiyo bado hawajapatana, na wengine wao hawasalimiani mpaka leo.

Huko milimani Upareni, katika kijiji cha Mtonga, walikuwepo wanawake wawili na binti mmoja, na kila mmoja alikuwa na chake.

Bi Nakijwa alijaliwa mdomo. Alilima tangawizi kama wenzake, lakini kila Ijumaa alishuka shule ya msingi kuwasimulia watoto hadithi kabla hawajaruhusiwa kurudi nyumbani. Akimsimulia fisi, watoto walikunja miguu juu ya madawati. Watu wazima walimwita mwalimu wa uongo. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Msangi, aliwahi kumwambia mbele ya walimu kwamba hadithi haijawahi kumfaulisha mtoto mtihani. Bi Nakijwa alilimeza lile neno, likamkaa rohoni kama mfupa, na Ijumaa iliyofuata akashuka tena.

Mama Eliamini alikuwa na ujuzi ambao hakuna mwingine kijijini aliyekuwa nao, na aliupata kwa bei ambayo hakuna mzazi angekubali kuilipa. Hilo nitalieleza.

Nanzia, binti wa darasa la sita, alijaliwa masikio. Kigugumizi kilimbana tangu alipoanza kusema. Neno moja lingeweza kumkwama mpaka aliyemwuliza akaondoka zake. Basi akazoea kusikiliza. Alikaa dawati la nyuma, na walimu hawakumwuliza kitu. Alilelewa na babu yake, Mzee Mgonja, mtu wa maneno machache na mazito.

Sasa sikilizeni kila mmoja alifanya nini.

Kati ya kijiji na shule unapita mto Kwezinga. Wakati huo haukuwa na daraja. Watu walivuka kwa kukanyaga mawe, na sauti ya maji iliwalazimu kusemezana kwa kelele. Mvua moja ya masika, Mama Eliamini alikuwa anavuka na mwanawe wa pekee, Eliamini. Mama alitangulia na mzigo wa majani ya ng'ombe. Alipofika ng'ambo akagundua kwamba anamsikia mtoto ingawa mtoto hapazi sauti. Eliamini alikuwa amesimama katikati ya mawe, anatazama maji yaliyopungua, anacheka. "Mama," alisema, "mto umelala." Hayo ndiyo yakawa maneno yake ya mwisho. Huko juu mlima ulikuwa umeporomoka na kuziba mto, na maji yalipolipasua lile tope yalishuka na magogo na mawe kwa pamoja. Mama Eliamini alikililia kijiji kijenge daraja. Aliambiwa na Mwenyekiti hakuna simenti. Akakaa na alichokiona kwa miaka, hadi siku moja, wakiwa shambani wanavuna tangawizi, akamweleza Bi Nakijwa yote, tangu mzigo wa majani mpaka kaburi. "Wewe una mdomo," alimwambia. "Mimi nikianza tu, koo linaziba. Waambie watoto."

Bi Nakijwa akaichukua kazi hiyo. Yeye ambaye kila hadithi yake ilikuwa na fisi au jitu, katika hii hakutia chochote. Alifikiri kwa muda mrefu jinsi ya kuifanya ikae kwenye vichwa vya watoto isitoke. Mwishowe akawafundisha darasa zima kuwa mto: wote wapige madawati kwa viganja, kwa nguvu, bila kupumzika, mpaka vioo vya madirisha vitetemeke. Halafu, akiinua mkono, wanyamaze ghafla. Katika ule ukimya alisema polepole, "Mama, mto umelala." Watoto walisisimka mwili. Wadogo walilia. Kila masika ilipokaribia aliisimulia tena, neno kwa neno, na hakuna mtoto wa Mtonga aliyemaliza shule bila kuupiga mto ule juu ya dawati.

Kisha ikaja masika nyingine. Mvua ilinyesha juma zima, ikakatika mchana. Watoto walitoka shule wakafika mtoni wakakuta maji yako chini ya magoti na mawe yote yako wazi. Wakafurahi. Wote walikuwa wameisikia hadithi ya Bi Nakijwa, wote, na wote wakaanza kuvua viatu. Nanzia peke yake alisimama. Aliusikia ule ukimya. Alitaka kuwaambia mto umelala, lakini neno likamkwama kwenye herufi ya kwanza, nao wakamwigiza, "M-m-m," wakacheka na kuendelea. Akavunja tawi la mpera uliokuwa pembeni akaanza kuwacharaza. Aliwapiga miguu, aliwapiga migongo. Aliingia mpaka katikati ya mawe akamtoa Ombeni, mtoto wa Mwenyekiti Msangi, kwa kumburuta shati. Aliwaswaga wote kupandisha kilima huku wakilia na kumtukana.

Bwana Msangi alikuwa shambani kwake hapo jirani. Alikuja mbio, akaona mwanawe anatoka damu ugokoni, akamnasa Nanzia kofi lililomwangusha juu ya mwamba. Mkono wa binti ukavunjika. Mwenyekiti alikuwa bado ameinua kiganja amwongeze kofi la pili waliposikia mlima unanguruma, na Kwezinga ikapita chini yao ikiwa na miti mizima. Mawe waliyokuwa wanayakanyaga hayakuonekana tena.

Hakupotea mtoto hata mmoja. Mkono wa Nanzia uliunga, ila uliunga umepinda.

Safari hii simenti ilipatikana. Kiangazi chote watu walifanya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji kizima, wakabeba mawe na mchanga, na daraja likasimama. Siku ya kulifungua palipikwa wali, diwani alikuja, na Bi Nakijwa aliombwa kuja kusimulia hadithi fupi ya kuchangamsha wageni. Alivaa kitenge chake kizuri akafika. Kumbe lilikuwa limepangwa jambo, naye peke yake hakuambiwa. Walimu wawili walimshika mikono wakampandisha darajani, wakamvika shada la maua, na Bwana Msangi akashika kipaza sauti.

"Kijiji kimeamua kumpa tuzo mtu aliyewaokoa watoto wetu kwa hadithi zake," alisema. "Kuanzia leo hili ni Daraja la Nakijwa."

Mwanzoni mwa daraja kulikuwa na nguzo pana ya mawe. Fundi Zuberi alikuwa ameipiga lipu mbichi asubuhi hiyo, akaacha nafasi ya jina moja. Alisimama hapo na msumari mrefu mkononi, tayari kuandika kabla simenti haijakauka.

Watu walipiga makofi. Bi Nakijwa, sitawaficha, alifurahi. Miaka yote ya kuitwa mwongo ilimtoka mwilini kama jasho. Lakini furaha hiyo haikudumu. Alimwona Nanzia amekaa mwisho kabisa wa umati, mkono umefunikwa na khanga. Akamwona Mama Eliamini amesimama, hapigi makofi. Kisha akamtazama Bwana Msangi anayetabasamu, na mambo yakamjia yote kwa mara moja: mtu huyu hakutaka kumtaja binti aliyepigwa naye, wala mama aliyenyimwa simenti naye. Alitafuta jina ambalo halimuumi. Hasira ikampanda Bi Nakijwa mpaka masikio yakamwaka moto.

"Mwenyekiti," alisema, "mlimuuliza nani kabla ya kuamua hili?"

Kabla hajajibiwa, Mama Eliamini alikuwa ameshafika mbele.

"Shuka hapo, Nakijwa," alisema. Sauti yake haikuwa kubwa, ila koo lake siku hiyo halikuziba. "Daraja hili limesimama pale alipokufa mwanangu. Nililililia nikiwa na udongo wa kaburi mikononi, mkaniambia hakuna simenti. Leo imepatikana, inaandikwa jina la mtu ambaye hakufiwa. Nisingekupa maneno ya Eliamini ungewasimulia nini watoto? Fisi?"

Ndipo Mzee Mgonja akainuka, amemshika mjukuu wake bega.

"Na mimi nina langu," alisema. "Hadithi waliisikia wote. Hata Ombeni wako, Mwenyekiti, aliipigia dawati. Na walikuwa wanavuka. Hadithi haikumshika mtu mguu. Msiba wa Mama Eliamini haukumshika mtu mguu. Mkono wa huyu mtoto ndio uliowashika, na ulivyopinda unajua, maana aliyeupinda ni wewe."

Bwana Msangi akatazama chini. Diwani akaanza kukohoa.

Bi Nakijwa alikuwa amekwisha kuamua kulikataa lile shada. Alikuwa ameshalivua shingoni. Lakini lile neno *fisi* lilikuwa limemchoma pabaya, mahali pale pale pa siku zote, na hasira yake ikageuka upande.

"Mama Eliamini," alisema, "msiba ni wako, hakuna anayekunyang'anya. Ila kwa miaka ulikaa nao ndani, na watoto wa wenzako wanavuka hapo hapo kila siku. Mimi ndiye niliyeutoa. Nani alitafuta namna ya kuwafanya watoto waogope ukimya? Na wewe, Mzee, huyu binti alizaliwa anajua kwamba mto ukinyamaza unaua? Aliambiwa na nani? Aliambiwa na mimi, mwalimu wa uongo, niliyeshuka kila Ijumaa nikichekwa na nyinyi nyote mlioko hapa."

Alimwona Mama Eliamini akishika kifua. Lakini yeye hakulifuta neno lake hata moja.

"Basi tuandike majina yote matatu," alisema Bwana Msangi, akijifuta uso.

"Jina la mwanangu halibanwi na majina ya walio hai," alijibu Mama Eliamini. "Ama liandikwe lenyewe, ama lisiandikwe."

"Na la mjukuu wangu halihitaji kusindikizwa," alisema Mzee Mgonja.

Fundi Zuberi akagusa lipu kwa kidole. "Hata mkikubaliana, nafasi haitoshi," alisema. "Na daraja lenye majina matatu watu wataliita daraja tu. Semeni upesi, simenti inakaza."

Hapo Bwana Msangi akapata upenyo wake. "Tuzo tulishaitoa," alisema, akamkabidhi Bi Nakijwa kipaza sauti kama mtu anayetua mzigo. "Ni ya Bi Nakijwa. Aamue mwenyewe liandikwe jina gani. Nasi tutakubali."

Bi Nakijwa aliuelewa ujanja huo wote. Ugomvi ulioanzishwa na Mwenyekiti ulikuwa sasa umewekwa mkononi mwake. Akiandikwa yeye, ataitwa mwizi wa msiba wa mwenzake. Akimwandika Eliamini, binti aliyevunjwa mkono atapita hapo maisha yake yote bila hata asante. Akimwandika Nanzia, mama aliyefiwa atakuwa amenyimwa mara ya pili. Na yeye mwenyewe, ambaye hakuwahi kupewa chochote na kijiji hiki isipokuwa dhihaka, atakuwa amekitupa mtoni kitu pekee walichowahi kumpa. Hakujua tena anamkasirikia nani zaidi.

"Mwulizeni mtoto," alisema mtu mmoja katika umati.

Wote wakamgeukia Nanzia. Binti akasimama. Akatazama nguzo, akamtazama Mama Eliamini, akamtazama Bi Nakijwa. Akafungua mdomo. "N-n-n," alisema, na neno likakwama. Kwa mara ya kwanza kijiji kizima kilimsubiri, nalo halikutoka. Wapo wanaoapa kwamba alitaka kusema Nakijwa. Wapo wanaosema alikuwa analitaja jina lake mwenyewe. Babu yake anasema alitaka kusema, niacheni.

Fundi Zuberi akamsogelea Bi Nakijwa, akamnyooshea msumari. "Andika wewe," alisema. "Mimi sitaki lawama."

Bi Nakijwa akaupokea. Mama Eliamini hakumwondolea macho. Mzee Mgonja hakumwondolea macho. Chini yao Kwezinga ilikuwa inapita kwa kelele zake za kila siku.

Mimi nanyamaza hapa. Mmoja alifiwa, na kutokana na kufiwa kwake watu wakajua. Mmoja alisimulia, na kutokana na kusimulia kwake waliojua wakawa wengi. Mmoja alisikia, na kutokana na kusikia kwake watoto wakarudi nyumbani. Ungemtoa yeyote kati yao, tungezika darasa zima.

Haya, wewe uliyekaa kimya tangu mwanzo, simenti inakauka na jina ni moja. Msumari ungekuwa mkononi mwako, ungeandika nani?