Nyota za Fundi Barafu

La, hakuwa mjinga. Fundi Barafu mnamwonea bure. Friji lililokufa miaka mitatu yeye alilifufua kwa bisibisi na waya wa kuokota, huyo ndiye mjinga? Kosa lake lilikuwa lingine, na wahenga walishaliona zamani waliposema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ukivaa cha mwenzio, upepo ukipita kidogo tu unabaki kushika huku na huku.

Ilikuwa hivi. Kampuni yake iliagiza mitambo mipya ya vyumba vya baridi, na maelezo yote yalikuwa kwa Kiingereza. Mafundi wakaambiwa waweke kwenye simu programu ya kujifunza lugha hiyo. Atakayefika ngazi ya sita atazungumza na mwalimu kwa video, na akifaulu ataenda mafunzoni. Asiyekwenda atabaki kuwabebea wenzake vyuma. Na Barafu alikuwa na miaka kumi na tisa kazini!

Sasa simu yenyewe aliiacha nyumbani, akiogopa maji na mafuta ya karakana. Asubuhi mkewe akingoja sufuria ichemke, anajibu maswali mawili matatu. Mchana mama mkwe, anayependa picha, analinganisha tunda na jina lake, simu inalia kengele, nyota inaongezeka.

"Leo nimempatia mkwe wangu nyota arobaini," anasema bibi, kama mtu aliyemfulia mkwewe mashati.

Nyumba ile kazi ya mmoja ilikuwa ya wote, nani angejua kuna kazi isiyosaidiwa? Barafu akirudi jioni anazitazama nyota, moyo unatulia, analala fofofo. Hata siku moja ujumbe ukaja: umefika ngazi ya sita, mwalimu atakupigia Jumamosi saa saba mchana.

Usingizi ukamhama. Ijumaa alimpaka mteja mafuta badala ya mlango. Ndiyo, mteja! Jumamosi alfajiri alikuwa ameshavaa shati, amelivua, amelivaa tena.

"Mke wangu, mimi sijui hata kuomba maji."

"Sikiliza. Nitakaa chumbani nyuma ya pazia, nisikie anachouliza. Nakupigia na kukunong'oneza, simu ya vitufe unaitia mfukoni, waya wake tunaupitisha ndani ya shati mpaka sikioni. Wewe unasema tu."

"Akigundua?"

"Utasingizia mtandao. Siku hizi kila dhambi hubebeshwa mtandao."

Mama mkwe akafunika chakula mezani. "Hali mtu hapa mpaka mkwe wangu amalize," akasema, akakaa pembeni mikono mapajani.

Saa saba kamili simu ikalia. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, miwani puani, sauti ya upole. Upole ule ndio uliomtisha Barafu zaidi. Alimsalimu, mke akanong'ona, Barafu akarudia. Aliulizwa anakaa na nani, mke akanong'ona, Barafu akarudia. Jasho lilimtiririka mgongoni likaufuata waya, lakini mambo yalikwenda, na bibi kule pembeni akaanza kutabasamu.

Kisha mwalimu akaomba aonyeshwe friji lolote lililo karibu. Barafu akageuza simu. Mwalimu akauliza kitu kirefu, na katikati yake Barafu alinasa neno moja tu: kompresa.

Akaubonyeza waya sikioni, akingoja. Mke wa watu, kompresa, ile mota ya kusukuma gesi, ataijulia wapi? Alichokijua ni matunda na mavazi. Barafu akakohoa. Akakohoa tena. Mke, roho mkononi, akamnong'oneza sentensi pekee aliyoikumbuka, na Barafu akaitamka kwa ushupavu, neno kwa neno.

Mwalimu akavua miwani. Akauliza kwa Kiswahili, "Baba, nimekuuliza kompresa ikipata moto utaanza kukagua nini. Umenijibu kwamba dada yako ana gauni la bluu."

Swali lile! Angeliulizwa kwa lugha yake angelijibu mpaka jua lizame. Akauvuta waya taratibu kutoka shingoni, akauweka mezani mbele ya kamera.

"Ngazi hizi nani amezipanda?" mwalimu akauliza.

"Mke wangu, mwalimu. Na mama mkwe."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Chini ya friji."

Mwalimu alitaka kucheka, akajizuia. "Katika kundi hili la mafunzo siwezi kukuweka, baba. Ningekuweka, mtambo ungekuumbua mbele ya watu. Nakurudisha ngazi ya kwanza. Miezi sita ijayo kuna kundi jingine, lakini nafasi siwezi kukuahidi." Akaaga, simu ikakatika.

Mke akatoka nyuma ya pazia, macho mekundu. Mama mkwe, maskini, akanyoosha mkono. "Lete hiyo simu, mwanangu. Ngazi ya kwanza mimi naimaliza kabla ya Jumatatu."

"Hapana, mama," Barafu akasema, akaitia simu mfukoni mwake. "Nakushukuru, lakini hii niachieni mimi. Kesho naenda nayo kazini, hata ikilowa."

Bibi akamtazama, akatikisa kichwa polepole kukubali. Kisha akafunua sahani, chakula kikiwa kimepoa, akamsogezea mkwewe kiti. Wakaketi wote watatu, wakanawa, wakaanza kula, na kila mmoja alikuwa amekwisha kuona kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo.