Kanga Bawabu na Hodi Zisizokwisha

Paukwa!
Pakawa!
Aa, mmejibu kama mlioshiba mihogo. Paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani za kale alikuwapo Tembo, mkuu wa bonde. Alikaa chumba cha ndani kabisa. Barua zote alisoma yeye, yeye peke yake. Mlangoni alisimama bawabu wake, Kanga. Sauti aliyokuwa nayo Kanga yule, jamani! Na mayai yake alikuwa ameyaficha kando ya mto.

Barua zililetwa na siafu. Siafu mmoja hawezi kubeba barua nzima. Basi barua ilikatwakatwa: kila siafu jani moja, kila jani neno moja. Wakaja kwa foleni, tiki-tiki-tiki, wakitia majani katika kapu la mlangoni.

Sheria ilikuwa hii: jani moja, hodi moja, safari moja. Kanga akipiga hodi, Tembo aache kila kitu, aje mlangoni. Ndiyo adabu!

Siku moja Korongo wa juu mtoni akatuma barua ndefu. Siafu hao!

"Hodi!" akalia Kanga.
"Karibu!" Tembo akanyanyuka, kuu! Akaenda, ti! ti! ti! Akachukua jani. Akarudi, ti! ti! ti! Akakaa, pu! Akavaa miwani.
"Hodi!"
"Karibu!" Jani akalichomeka nyuma ya sikio. Kuu! Ti! ti! ti! Akarudi. Pu! Miwani.
"Hodi!"

Asubuhi yote Tembo hajasoma hata neno. Sikio limejaa majani, na kapu linazidi kujaa.

"Mama Kanga," Tembo akahema, "magoti yangu yamekwisha. Punguza hodi."
"Nipunguze, mzee? Niitwe mvivu?" Akazidi kupaza. "Hodi! Hodi! Ho... krr."

Sauti ikakauka. Akafungua mdomo tena. Krr tu.

Kimya. Tembo akangoja. "Mbona kimya?" Akatoka mwenyewe. Akakuta kapu limefurika. Akakaa papo hapo mlangoni, akatoa majani ya sikioni, akaunganisha na ya kapuni, akasoma bila kunyanyuka, salamu ndefu kwanza, kisha:

"Mto. Umefurika. Unashuka. Kanga. Ahamishe. Mayai. Upesi."

Moyo wa Kanga ukapiga paa! Kumbe kelele zake mwenyewe ndizo zilizozuia habari za wanawe. Maskini, aliona uchungu.

Ti-ti-ti-ti! Wakakimbia. Maji yalikuwa yameanza kulamba kiota. Tembo akanyoosha mkonga, akakiinua chote, akakiweka kichwani. Hapo hapo yai moja likapasuka, ka! Kifaranga akatoa kichwa, akalia:

"Hodi!"
"Karibu!" akajibu Tembo, akataka kunyanyuka, kumbe amesimama.

Kanga akacheka huku analia.

Tangu hapo, jani la kwanza likifika, hodi moja tu. Kisha Kanga hunyamaza, Tembo huchota na kusoma mpaka kapu liwe tupu. Kapu likijaa pomoni, jani linalozidi hutupwa, na Korongo, asipopata jibu, hulituma tena. Hakuna anayenuna.

Nanyi mnaounda kiini cha kompyuta, ile programu kuu inayoiendesha, ambamo habari huingia vipande vipande kama majani yale, sikieni: anayeitwa kila mara hafanyi kazi, hukimbiakimbia tu. Mwite mara moja, kisha mwache asome.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye swali apige hodi. Moja!