Waya Wenye Bahati

Wapendwa, kulikuwa na fundi mmoja wa umeme wa magari. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara kuu, pale malori yanapopumzika kabla ya kupanda mlima. Dereva akisumbuliwa na betri huambiwa na wenzake, "Jikongoje tu ufike kwa yule mzee wa nyaya." Na sifa ya mzee huyo ilikuwa moja: hakuingiza chombo mahali pasipo pake. Vyombo vyake vya kukatia, kumenyea na kubania nyaya nene alivitundika ukutani juu ya kitambaa chekundu, na ole wako uviguse bila ruhusa!

Nyumbani alikuwa na binti. Aliolewa kwa vigelegele, na baada ya mwaka mmoja na nusu akarudi na begi moja, bila mume na bila maelezo. Siku ya kwanza baba alinyamaza. Siku ya pili akaguna. Siku ya tatu, mezani, ugali bado wa moto, uvumilivu ukamwishia.

"Sema! Umefanya nini huko? Watu wananiuliza, niwajibu nini?"

Binti aliweka tonge chini, akainuka. Kesho yake asubuhi mama yake alimkuta anakunja nguo, amevaa sweta la mikono mirefu katika joto la kule bondeni.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Narudi kwa mume wangu, mama. Kama ni mzigo, bora niwe mzigo kule."

Moyo wa mama uliuma jamani. Lakini hakupiga kelele. Alisema, "Nisubiri kwanza nimpelekee baba yako chai," akabeba chupa, akashika njia.

Kibandani alikuta dereva wa lori anamharakisha fundi. Waya wake wa betri, mnene kama kidole gumba, ulikuwa umeungua mwishoni, na gari haliwaki. Mkono mmoja dereva ameshika msumeno wa chuma, mwingine nyundo.

"Mzee, tukate hapa, tumenye kwa kisu, tukigonge kichwa cha kushikia betri kibane, niondoke. Nina nyanya, zinaoza!"

Fundi akacheka. "Na huu ulioungua, nani aliufunga?"

Dereva akajikuna kisogo. "Mimi. Kwa nyundo hii hii."

"Basi kaa hapo kwenye tairi."

Akashusha mkasi wenye mdomo uliopinda. "Msumeno unazichana nyuzi. Huu unazikumbatia kwanza, ndipo unakata." Akashusha kile cha kumenyea, akakizungusha polepole hadi ganda likatoka lenyewe. "Humu ndani mna nyuzi za shaba kwa mamia, nyembamba kama nywele. Kisu chako hakijui ganda linaishia wapi. Ukikata nyuzi kumi huoni kitu, ila mzigo wote unabaki kwa zile nyingine, na ndizo zinazoungua." Mwisho akashusha koleo la mikono mirefu. Akachagua meno ya koleo kwenye kopo, akayajaribu, akayarudisha, akachukua mengine. "Makubwa hayashiki. Madogo yanajeruhi. Na nyundo inabonyeza upande mmoja tu. Kwa nje utasifu kazi, kumbe ndani mna hewa."

Haya yote aliyasema kwa sauti ya chini, huku akipuliza vumbi kwenye ule waya. Alikuwa ameupakata.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na chupa yake ya chai.

"Baba Atupele."

"Naam, mama."

"Huo waya una bahati."

"Bahati gani tena?"

"Umekuja kwako umeungua, na hukuugombeza. Umeuchagulia chombo. Mwanao naye amekuja kwako ameungua. Yeye umemchukulia nyundo."

Dereva akaanza kutazama ndala zake. Fundi alimalizia kubana kile kichwa, maana nyanya za watu hazina kosa, kisha akafunga kibanda jua likiwa utosini, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Alimkuta binti ameketi juu ya begi lake, uani. Njia nzima mzee alikuwa amepanga maneno, na yote yakampotea. Akachuchumaa mbele yake.

"Atu, mwanangu. Umekula?"

"Sijala, baba."

"Twende tule. Ya huko utanieleza siku utakayotaka. Na usipotaka, hapa bado ni kwenu."

Binti akalia. Na baba akalia, mzee mzima, mbele ya kuku.

Mtaniuliza, je, alisema siku ile? Hakusema. Alisema baada ya wiki mbili, wakimenya viazi pamoja. Hata hivyo hakusema kwa mdomo. Alipandisha tu mkono wa sweta, na baba akaona makovu ya moto kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono. Ndiko alikokuwa anarudi asubuhi ile! Swali la "umefanya nini" lilikuwa linamsukuma arudi kwa aliyemchoma.

Wapendwa, tusimcheke mzee huyu. Sisi mafundi, sisi washonaji, sisi wauguzi, kazini tuna upole wa ajabu. Muuza mayai hapa anapanga trei zake kwa ncha za vidole. Je, tukifika nyumbani? Kwa nini chombo kizuri tunakiacha kazini, na mke, na mume, na mtoto tunawaletea ulimi? Hatukosi upendo. Yule baba alimpenda mwanae tangu mwanzo, hata alipokuwa anapiga kelele. Lakini waya haujui kwamba unapendwa. Unajua tu umeshikwa na nini.

Leo tukitoka hapa, kuna mtu nyumbani kwako amevaa sweta katika joto hili. Usimuulize amefanya nini. Muulize kama amekula.